Ulenzi mkali au ulenzi hafifu: uchague njia ipi kupima maada giza katika makundi ya galaksi

Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Dar es Salaam anayetaka kuandika tasnifu juu ya maada giza (maada isiyotoa mwanga, inayojulikana kwa uvutano wake tu) hahitaji darubini. Picha zilishapigwa, nyingi ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na programu za kuzichambua hazilipiwi. Anachohitaji ni kuamua mapema atashika njia ipi, kwa sababu njia mbili kuu, ulenzi mkali na ulenzi hafifu, zinatumia data tofauti, programu tofauti, na zinajibu maswali tofauti. Anayebadili njia katikati ya mwaka huanza upya karibu kila kitu.

Kinachopimwa

Mwanga ukipita karibu na masi hupinda. Mwale unaogusa ukingo wa Jua hupinda kwa sekunde za tao 1.75 (sekunde ya tao ni 1/3600 ya nyuzi moja), na vipimo vya kupatwa kwa Jua vya 1919, vilivyofanyika Sobral nchini Brazili na kisiwani Príncipe, vilikubaliana na hesabu hiyo ya Einstein. Kundi la galaksi lina masi ya mamia ya trilioni ya Jua, hivyo hupinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake kiasi cha kuonekana kwenye picha. Tao kubwa la kwanza kuthibitishwa kuwa kazi ya lenzi ya uvutano ni lile la kundi Abell 370, miaka ya 1980.

Sababu ya kupenda lenzi kuliko vipimo vingine ni moja: haiulizi masi ni ya nini wala imetulia namna gani. Anayepima kwa eksirei analazimika kudhani kwamba gesi ya moto imetulia, na dhana hiyo huvunjika makundi yanapogongana. Anayepima kwa mwendo wa galaksi naye hudhani mizunguko yao imeshakaa sawa. Mwanga hupinda kwa masi yote iliyo njiani, na katika kundi kubwa karibu asilimia 85 ya masi hiyo ni maada giza. Sehemu kubwa ya inayobaki ni gesi, na nyota ni asilimia chache tu.

Ulenzi mkali hutokea katikati ya kundi, mahali ambapo masi imebanana kiasi kwamba galaksi moja ya nyuma huonekana mara mbili, tatu au tano, au huvutwa ikawa tao. Ukitazama taa za Kigamboni usiku kupitia kitako cha bilauri utaona jambo hilohilo: taa moja inageuka vipande kadhaa, na vipande hivyo vinakueleza umbo la kioo. Ulenzi hafifu uko nje zaidi. Huko hakuna picha zinazojirudia. Kila galaksi ya nyuma imenyooshwa kidogo tu, asilimia chache, kulizunguka kundi. Kwa galaksi moja huwezi kujua, maana galaksi nyingi ni duaradufu kwa asili. Unachukua wastani wa mamia au maelfu, maumbo ya asili yanafutana, na kinachobaki ni mnyoosho wa lenzi.

Kundi moja kwa njia zote mbili

Chukua kundi lililo kwenye mhamo mwekundu 0.3 (kipimo cha umbali kinachotokana na mwanga kuvutika kuelekea wekundu), lenye mtawanyiko wa kasi, yaani tofauti za kasi za galaksi zake, wa kilomita 950 kwa sekunde. Tulichukulie kuwa tufe sahili la isothemo (modeli rahisi ambamo mtawanyiko wa kasi ni uleule kila mahali), na tutumie thamani ya Hubble, yaani kasi ya kupanuka kwa ulimwengu, ya 70 na sehemu ya maada katika ulimwengu ya 0.3. Kwa umbali huo sekunde moja ya tao ni kiloparseki 4.45 (kiloparseki moja ni kama miaka ya mwanga 3,260).

| | Ulenzi mkali | Ulenzi hafifu |
|---|---|---|
| Eneo | ndani ya sekunde za tao 20 (kiloparseki 89) | dakika za tao 3 hadi 7 (kiloparseki 800 hadi 1,870) |
| Vyanzo | galaksi moja yenye mhamo mwekundu 2 | galaksi kama 1,800, mhamo wa wastani 1 |
| Ishara | picha zilizojirudia | mnyoosho wa wastani 0.028 |
| Masi | 5.9 × 10¹³ za Jua, ndani ya eneo hilo tu | karibu 7 × 10¹⁴ za Jua, kundi zima |
| Kosa | asilimia chache | karibu asilimia 35 |

Safuwima ya ulenzi hafifu katika jedwali inahitaji maelezo, kwa kuwa hapo ndipo miradi mingi hufia. Katalogi ya maumbo ya galaksi ya mwaka wa kwanza ya HSC (Hyper Suprime-Cam), iliyotokana na darubini ya Subaru kule Hawaii, ina galaksi 21.8 kwa kila dakika ya tao mraba, zikihesabiwa kwa uzito wa ubora wa kipimo. Pete ya dakika 3 hadi 7 ina eneo la dakika za tao mraba 126, kwa hiyo unapata galaksi 2,740. Ondoa theluthi moja ambayo iko mbele ya kundi au ndani yake, zinabaki kama 1,800. Kelele ya umbo la galaksi moja, yaani mtawanyiko wa maumbo ya asili, ni karibu 0.27. Igawe kwa kipeuo cha pili cha 1,800 upate 0.0064. Ishara ya 0.028 ni mara 4.4 ya kelele hiyo, na kwa kuwa masi hupanda kwa mnyoosho uliopandishwa kipeo cha 1.5, kosa la asilimia 23 kwenye mnyoosho linakuwa asilimia 35 kwenye masi.

Rudia hesabu hiyo kwa katalogi ya miaka mitatu ya DES (Dark Energy Survey), upimaji mwingine wa anga. Inafunika nyuzi mraba 4,143 za anga lakini ina galaksi 5.6 tu kwa dakika ya tao mraba, na ishara inashuka hadi mara 2 ya kelele. Kwa kundi moja, hiyo si tasnifu. Kwa makundi 100 yaliyorundikwa pamoja, kelele inapungua mara kumi na kazi inakuwa nzuri sana. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kumpelekea msimamizi andiko lako. Inachukua dakika kumi.

Wala usidanganyike na kosa dogo la ulenzi mkali. Ndani ya kiloparseki 89 kuna chini ya sehemu moja ya kumi ya masi ya kundi hili. Anayetoka hapo akatangaza masi yote anabahatisha, hata kama programu imemchapishia tarakimu tano baada ya nukta.

Ukichagua ulenzi mkali

Picha unazohitaji ni za Hubble au za James Webb, kutoka hifadhi ya MAST. Mradi wa CLASH ulipiga picha makundi 25 kwa vichujio 16. Frontier Fields ulipiga makundi sita kwa kina kikubwa: Abell 2744, MACS J0416, MACS J0717, MACS J1149, Abell S1063 na Abell 370. Mwanafunzi anayeanza hukimbilia hayo sita kwa sababu ni maarufu. Tungemzuia. MACS J0717 ni mgongano wa makundi madogo kadhaa, na modeli yake imewasumbua watu wenye uzoefu wa miaka. Anza na kundi lililotulia, lenye galaksi moja kubwa katikati, mfano Abell 383 lililo kwenye mhamo mwekundu wa karibu 0.19 na limo kwenye orodha ya CLASH.

Hatua ya kwanza ni kutambua picha zipi ni za galaksi moja. Tengeneza picha ya rangi kwa vichujio vitatu na utafute vitu vyenye rangi ile ile na alama zile zile za ndani, kama vile fundo la nyota lililo upande wa kushoto wa picha moja na upande wa kulia wa nyingine, maana lenzi hugeuza picha kama kioo. Hapa ndipo modeli huharibika zaidi kuliko mahali pengine popote. Picha moja iliyowekwa kwenye familia isiyo yake haitoi onyo lolote. Modeli itajipinda kuiridhisha, na utaanza kuandika juu ya donge la maada giza ambalo halipo. Dawa yake ni kuanza na familia zenye mhamo mwekundu uliopimwa kwa spektra, upate modeli ya kwanza, kisha uiache modeli itabiri mahali picha nyingine zinapaswa kuwa kabla hujaziongeza.

Halafu hesabu vikwazo vyako. Familia yenye picha *n* hutoa vikwazo 2(*n* − 1). Familia tano zenye picha tatu tatu hutoa 20. Halo moja ya maada giza (wingu la maada hiyo linalolizunguka kundi au galaksi) ina vigezo sita vya kutafuta ukishafunga nusukipenyo cha nje, ambacho picha za katikati haziwezi kukipima: nafasi mbili, uduaradufu, pembe, kiini, na mtawanyiko wa kasi. Halo mbili ni 12. Ongeza viwili vya galaksi wanachama, ambazo zote hufungwa pamoja kwa kanuni ya mwangaza: mtawanyiko wa kasi hukua kwa kipeo cha robo cha mwangaza, na nusukipenyo kwa kipeo cha nusu. Umefika 14, umebakiwa na digrii sita za uhuru. Kama familia tatu kati ya tano hazina mhamo uliopimwa, kila moja inakula digrii moja, na zimebaki tatu. Ukiongeza halo ya tatu hapo, modeli itapendeza bila kumaanisha kitu.

Mhamo mwekundu wa chanzo hauchezewi. Kwenye kundi letu la mfano, ukidhani chanzo kiko kwenye 1 wakati kiko kwenye 2, masi uliyopata imezidi kwa asilimia 20. Tena chanzo kimoja peke yake hakitoshi. Unaweza kuongeza shuka sawa la masi mbele ya kundi zima na kupunguza iliyobaki kwa uwiano, na nafasi za picha zisibadilike hata kidogo. Kinachovunja utata huo ni kuwa na vyanzo viwili au zaidi vyenye mihamo iliyoachana.

Programu inayotumika sana ni Lenstool. Faili lake la maelekezo lina sehemu za `potentiel` kwa halo kubwa, `potfile` kwa galaksi wanachama, na `image` kwa orodha ya picha. Profaili 81, yaani umbo la masi lenye namba hiyo ndani ya programu, ndiyo ya kawaida kwa halo za namna hii. Ndani ya `image` kuna `sigposArcsec`, na hapo wengi hujikwaa. Hubble hupima nafasi ya picha kwa usahihi wa karibu sekunde 0.05 za tao, kwa hiyo mtu anaandika 0.05. Kai-mraba (kipimo cha modeli kutolingana na data) inapaa, mnyororo wa Markov (mfuatano wa majaribio ya vigezo) unakwama kwenye kona moja, na makosa ya vigezo yanatoka madogo kupita kiasi. Modeli ya kundi haijui kila kidonge kidogo cha masi, na hata modeli nzuri hukosea nafasi kwa sekunde 0.3 hadi 1. Andika 0.3 au 0.5. Anza kwa kulinganisha kwenye ubapa wa chanzo (picha zikirudishwa hadi galaksi ya nyuma), kazi ya saa chache, na ukihamia ubapa wa picha (nafasi kama zinavyoonekana angani) tegemea siku. Kwa anayependa Python, lenstronomy ipo, na glafic ni nyepesi na inaeleweka haraka.

Ukichagua ulenzi hafifu

Swali la kwanza ni kama utapima maumbo mwenyewe au utatumia katalogi iliyokwisha kupimwa. Tumia katalogi. Kupima maumbo maana yake ni kujua mtawanyiko wa nukta wa darubini (jinsi inavyoitia ukungu nukta ya mwanga) kila mahali kwenye picha kwa kutumia nyota, kuuondoa kwenye kila galaksi, kisha kuthibitisha kwa galaksi za kuigiza, kwa mfano kwa GalSim, kwamba jibu lako halina upendeleo wa zaidi ya asilimia moja au mbili. Ni kazi ya timu kwa miaka, na HSC, DES na KiDS (upimaji mwingine wa aina hiyo) wameshaifanya.

Ukiwa na katalogi, kazi inaendana na hoja za hifadhidata na takwimu. Vuta galaksi zilizo ndani ya nusu digrii kuzunguka kundi. Kwa HSC hizo ni kama 62,000, na kwa safuwima 30 ni megabaiti 15 hivi, ndogo kuliko video moja ya WhatsApp. Chagua zile ambazo uwezekano wa kuwa nyuma ya kundi kwa mhamo wa 0.2 au zaidi ni asilimia 98. Zigawe kwenye pete tano au sita, pima mnyoosho wa kimzunguko (ule unaolizunguka kundi) kwa uzito uliotolewa na katalogi, tumia marekebisho yake ya upendeleo, kisha linganisha na profaili ya NFW (umbo la kawaida la mgawanyo wa masi ya halo) kwa programu ya CLMM au Colossus.

Makosa yake ni machache lakini hayaonekani kwa macho. La kwanza ni alama ya kijenzi cha pili cha umbo. Angani kuratibu ya mashariki hukua kuelekea kushoto, kwenye picha mhimili wa mlalo hukua kuelekea kulia, na katalogi hazikubaliani zinafuata upi. Ukikosea alama, ishara yako inayeyuka na unabaki kushangaa kwa nini kundi kubwa halina masi. Njia ya kujua: pima pia kijenzi cha mshazari, kile kilichogeuzwa nyuzi 45. Fizikia inasema kiwe sifuri. Kisipokuwa sifuri, au cha mzunguko kikipotea, geuza alama na ujaribu tena kabla ya kulaumu data.

La pili ni galaksi wanachama zilizopenya kwenye orodha ya vyanzo. Hazijanyooshwa na lenzi, kwa hiyo zinapunguza wastani. Zikiwa asilimia 20, mnyoosho unashuka asilimia 20 na masi inashuka karibu asilimia 28. Chora msongamano wa vyanzo dhidi ya umbali kutoka katikati. Ukipanda kuelekea katikati, umepenyewa. Kaza kichujio cha mhamo au achana na dakika moja au mbili za tao za ndani. Huko ndani kuna tatizo lingine pia: galaksi zinapandiana, na mnyoosho si mdogo tena kiasi cha kutumia hesabu rahisi.

La tatu ni umbo la kundi lenyewe. Lililorefuka kuelekea kwetu huonekana zito kuliko lilivyo, na kwa kundi moja huna la kufanya. Hii ndiyo sababu nyingine ya kurundika makundi mengi, ukiyachukua kutoka orodha kama CAMIRA kwa anga la HSC au redMaPPer kwa la DES. Na baada ya yote, rudia kipimo kuzunguka nukta za kubahatisha. Zikitoa ishara, usichapishe kitu.

Mashine, bando na umeme

Kwa upande huu tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyotarajia. Picha ya Hubble ya pikseli 10,000 kwa 10,000 ni megabaiti 400. Vichujio vitatu ni gigabaiti 1.2, unazipakua mara moja na basi. Tumia `wget -c` ili upakuaji uendelee ulipokomea, na usisubiri wiki ya kuwasilisha: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota kwa siku kadhaa. Ulenzi hafifu wa kutumia katalogi unakula bando pungufu kuliko hapo, mradi tu utume hoja ikupe kipande unachokihitaji badala ya kuvuta katalogi nzima.

Uchakataji ndio unaogeuza mambo. Pete na NFW zinamalizika kwa dakika, hata kwenye laptopu ya RAM ya gigabaiti 8. Lenstool kwenye ubapa wa picha itaishughulisha laptopu siku mbili tatu mfululizo, na kwa joto la Februari katika chumba kisicho na kiyoyozi prosesa itajipunguza kasi yenyewe, kazi ya siku mbili iwe ya nne. Umeme ukikatika na betri imechoka, mnyororo unapotea. Tafuta seva ya chuo, au angalau UPS, na uanze na mnyororo mfupi wa majaribio kabla ya kuachia mrefu. Colab ya bure haifai kwa kazi hii kwa sababu hukata kikao kabla mnyororo haujaiva, ila kwa ulenzi hafifu inatosha kabisa.

Nani achague nini

Kama swali lako ni jinsi maada giza ilivyojipanga katikati ya kundi, au kuhusu vidonge vidogo vya masi vinavyoizunguka kila galaksi, jibu ni ulenzi mkali. Swali hilo la pili liko moto: mwaka 2020 Massimo Meneghetti na wenzake walipima makundi 11 wakakuta lenzi ndogo ndani yake ni nyingi kuliko uigaji wa kompyuta unavyotabiri, kwa zaidi ya mara kumi. Kama unataka masi yote, au uhusiano wa masi na idadi ya galaksi katika makundi, nenda ulenzi hafifu na urundike.

Kwa mradi wa shahada ya kwanza wa miezi mitatu minne, ulenzi hafifu kwa katalogi ndio wenye busara. Utapata grafu yenye makosa halisi na utajifunza takwimu. Kwa shahada ya uzamili tunapendelea ulenzi mkali kwenye kundi moja lililotulia lenye mihamo iliyopimwa, hasa kama msimamizi wako si mtu wa kosmolojia. Modeli mbovu ya ulenzi mkali unaiona kwa macho, picha zinatabiriwa mahali pasipo na kitu, ilhali upendeleo wa asilimia kumi kwenye ulenzi hafifu unahitaji jicho lenye uzoefu kuugundua.

Makundi yanayogongana yana hadhi yake. Bullet, lililo kwenye mhamo 0.296, ndilo lililoonyesha mwaka 2006, katika kazi ya Douglas Clowe na wenzake, kwamba masi iko pamoja na galaksi wakati gesi ya eksirei imebaki nyuma katikati. Kutoka hapo ndipo kikomo cha maada giza kugongana yenyewe kwa yenyewe kilipatikana, karibu sentimita mraba 1 kwa gramu. Ukivutiwa na swali hilo utahitaji njia zote mbili na eksirei juu yake, na hiyo ni shahada ya uzamivu.

Kwa anayetaka kuonja kuchanganya bila kujitwisha mzigo huo, Abell S1063 ni chaguo zuri. Liko kwenye mhamo wa karibu 0.35, lina picha za Frontier Fields, modeli za timu kadhaa za ulenzi mkali zimewekwa wazi, na liko ndani ya anga la DES. Chukua moja ya modeli hizo kama ilivyo kwa sehemu ya ndani, pima mwenyewe mnyoosho wa nje, halafu angalia kama profaili moja ya NFW inapita kwenye zote mbili. Kelele ya DES itakubana upande wa nje, lakini sehemu ya ndani imefungwa vizuri kiasi kwamba nukta mbili tatu za nje zinatosha kusema kitu kuhusu mkolezo wa halo, yaani jinsi masi yake ilivyobanana katikati.